"I" ya Kikatalani na "Na" Yetu: Viunganishi katika La plaça del Diamant

Utangulizi

Tangu kidato cha tano tumefundishwa kuhakiki kazi ya fasihi kwa kuipasua vipande viwili: maudhui upande huu, fani upande ule. Ukifika kwenye fani unateremka na orodha yako: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Ndani ya matumizi ya lugha kuna orodha nyingine tena: tashibiha, sitiari, tashihisi, methali, misemo. Umemaliza, weka kalamu chini. Sijawahi kuona mwanafunzi, mimi nikiwamo, akipewa alama kwa kusema kwamba mwandishi ametumia kiunganishi. Kiunganishi ni mali ya somo la sarufi, na wengi wetu wa fasihi sarufi tuliiacha mlangoni kama viatu.

Makala haya yanataka kuirudisha ndani. Nitazungumzia riwaya ya Mercè Rodoreda iitwayo La plaça del Diamant, iliyotoka mwaka 1962 kwa lugha ya Kikatalani, na nitashikilia neno moja tu la riwaya hiyo. Neno lenyewe lina herufi moja: i. Maana yake ni "na". Najua wapo watakaosema, "Jamani, huyu amekosa cha kuandika." Nawaomba wavumilie kurasa chache.

Jinsi nilivyoifikia riwaya hii

Kwanza niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya David Rosenthal. Baadaye mhadhiri mgeni aliniazima nakala ya Kikatalani pamoja na kitabu chake cha sarufi, nikawa nasoma jioni, ukurasa mmoja kwa saa nzima. Sidai kuwa mjuzi wa Kikatalani. Lakini anayesoma lugha ya watu polepole namna hiyo huona vitu ambavyo wenyewe huvipita mbio, na kitu cha kwanza nilichoona ni hiyo i. Ilikuwa kila mahali. Nilianza kuzichora duara kwa penseli, nikaacha, maana ukurasa ulikuwa unageuka kuwa kama una surua.

Nikatafsiri kurasa nne kwa Kiswahili, zikiwa kazi ya semina. Nilijitahidi kuziacha "na" zote mahali pake. Kazi ilirudi imejaa wino mwekundu. Pembeni pameandikwa: "Viunganishi vimezidi. Mtindo wa kitoto. Panga mawazo kwa sababu na matokeo." Sikukasirika siku ile, niliona mwalimu ana haki. Hasira ilikuja baadaye, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Viunganishi vya Kikatalani vinavyofanya kazi

Ili tuelewane, hebu tuone kwanza ghala la viunganishi alilokuwa nalo Rodoreda. Mhakiki hawezi kusema mwandishi amechagua kitu kama hajui vingine vilivyokuwapo.

Kikatalani kina i (na), o (au), ni (wala), però (lakini) na sinó (bali). Hivi huunganisha maneno au vishazi vyenye hadhi sawa. I yao ni imara kuliko y ya Kihispania: y hugeuka e mbele ya neno linaloanza kwa sauti ya i, ilhali i ya Kikatalani haibadiliki hata ikikutana na i mwenzake. Sinó ikitenganishwa ikawa si no inakuwa kitu kingine kabisa: "ikiwa si". No és blanc, sinó negre ni "si cheupe bali cheusi". Si no véns, me'n vaig ni "usipokuja, naondoka". Però nayo ina historia ya kuchekesha. Imetoka kwenye maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa hiyo", halafu baada ya karne nyingi ikaishia kumaanisha "lakini". Tena inaweza kukaa mwishoni mwa sentensi, kama mtu aliyekwisha kupita mlango akageuka kuongeza neno: Ha vingut, no ha dit res, però. Amekuja, hajasema kitu, lakini.

Halafu kuna viunganishi vya kutegemeza. Kiongozi wao ni que, ambayo ni "kwamba" yao, na inatawala vibaya sana. Ikija, vihusishi a, de, en na amb huanguka mbele yake. Unasema m'he oblidat de la clau, nimesahau ufunguo, lakini m'he oblidat que venies, nimesahau kwamba ulikuwa unakuja, de imepotea. Mitaani que hufungua hata swali, kama "je" yetu: Que véns? Je, unakuja? Vilevile hubeba sababu bila kuitangaza: Afanya't, que fem tard, yaani fanya haraka, tunachelewa.

Kinachonivutia zaidi ni perquè. Kwa kitenzi cha kawaida ina maana ya "kwa sababu": Vinc perquè et veig, ninakuja kwa sababu ninakuona. Kitenzi kikigeuka kuwa cha hali tegemezi, ile ambayo sisi tunaimalizia kwa -e, perquè ileile inakuwa "ili": Vine perquè et vegi, njoo nikuone. Kiunganishi kimoja kinatazama nyuma kwenye chanzo na kinatazama mbele kwenye lengo, na kitenzi ndicho kinachotoa siri. Ipo pia doncs, "basi" ya kutoa hitimisho. Sarufi sanifu haikubali itumike kutoa sababu. Ipo encara que ya "ingawa". Ipo mentre ya "wakati", ambayo ukiiongezea que inakuwa "ilhali". Kwa wapenda vitabu vya zamani ipo car, "kwa kuwa" ya kifasihi ambayo mtu wa sokoni haitumii.

Sarufi hii ilipangwa kwa jasho. Pompeu Fabra, mhandisi kwa taaluma, alitoa sarufi yake mwaka 1918 na kamusi mwaka 1932. Mwaka 1939 majeshi ya Franco yaliposhinda vita, Kikatalani kilifukuzwa shuleni na maofisini, na Fabra akafa uhamishoni Ufaransa mwaka 1948. Rodoreda naye alikimbilia Ufaransa mwaka huohuo wa 1939, kisha akaishi Geneva, na huko Uswisi ndiko alikoiandika riwaya hii. Institut d'Estudis Catalans ilitoa sarufi mpya mwaka 2016, nayo bado inahangaika na viunganishi hivihivi.

Kwa hiyo ghala lilikuwa limejaa. Mwandishi aliyekuwa na perquè, doncs, encara que na car mkononi, akamwaga i juu ya i, hakufanya hivyo kwa umaskini. Anayebisha asome Mirall trencat ya mwaka 1974, ambamo Rodoreda huyohuyo anahama kutoka jicho la mhusika mmoja kwenda la mwingine. Mtindo wa La plaça del Diamant ni uamuzi.

"I" katika kinywa cha Natàlia

Msimulizi ni Natàlia, msichana wa duka la keki katika mtaa wa Gràcia, Barcelona. Mama yake amekufa. Shoga yake Julieta anamvuta kwenda kwenye dansi katika uwanja wa Diamant. Hana hamu ya kwenda, lakini ni mtu anayeumia akiombwa jambo na kulazimika kusema hapana. Anakwenda amevaa nguo nyeupe, lastiki ya gagulo inamkata kiuno. Kijana aitwaye Quimet anamtaka wacheze. Anamwambia ana mchumba, Quimet hajali. Anamwambia kabla mwaka haujaisha atakuwa mke wake. Tena anambatiza jina jipya palepale: Colometa, Kanjiwa. Anapokimbia, gagulo linaanguka.

Katika masimulizi hayo i inafanya kazi tatu, na hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Kazi ya kwanza ni ya kawaida: mfuatano. Hiki kilitokea na kile kikatokea. Hapo mwalimu wangu yuko sahihi, hata mtoto anaweza.

Kazi ya pili ni kuficha upinzani. Natàlia anataka jambo moja, Quimet anataka lingine, na panapostahili "lakini" mara nyingi tunapewa "na". Mfano, na huu nautunga mwenyewe, si maneno ya kitabu: "Nilikuwa nimechoka na akaniambia tupande tena pikipiki na nikapanda." Tia "lakini" mahali pa "na" ya kwanza, utaona mwanamke mwingine kabisa anasimama mbele yako. "Lakini" inahitaji mtu mwenye upande wake. "Na" haimdai mtu upande.

Kazi ya tatu, na nzito kuliko zote, ni kuficha sababu. Sisemi kwamba perquè haimo kitabuni, imo. Ila katika mambo makubwa sababu inanyamaza. Quimet ni seremala ambaye kazi zinapungua, naye anaanza kufuga njiwa. Njiwa wanazidi hadi wanaingia ndani ya nyumba. Natàlia anafanya kazi za ndani kwa matajiri, anarudi kwenye watoto wawili, harufu na vinyesi. Sentensi zenyewe zinazaliana kama njiwa: hakuna aliye mkubwa wa mwenzake, kila mmoja anaongezwa juu ya mwingine hadi mtu anakosa pa kuweka mguu. Siku moja anaanza kuyatikisa mayai ili vifaranga vife. Hasemi "nilimchukia mume wangu". Anaeleza mkono, yai na kiota. Sababu tunaitafuta sisi.

Kisha vita. Quimet anakufa mstari wa mbele. Njaa inaingia, na Natàlia anaamua kuwaua watoto wake kwa asidi, kwa kutumia faneli, halafu ajiue. Anakwenda kuichukua dukani bila hela. Hii ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote katika riwaya, na imesimuliwa kwa viunganishi vilevile vya kwenda kwenye dansi. Mwandishi mwingine angetuletea "kwa hiyo" nzito pale. Rodoreda hakuileta, kwa sababu "kwa hiyo" ingetupa nafasi ya kuhukumu: sababu inatosha, au haitoshi. Tukipewa "na" peke yake tunashuka ngazi pamoja na yule mama, moja, moja, hadi mlangoni mwa duka. Muuza nafaka, yuleyule aliyekuwa akimuuzia chakula cha njiwa, anamwita arudi na kumpa kazi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza.

Tatizo la "-ka-"

Sasa turudi kwetu, kwenye zile kurasa nne. Mtafsiri wa Kiswahili anakutana na neema iliyo pia mtego. I ya Kikatalani iliyo kati ya vitenzi, sisi hatuhitaji kuiandika. Tunayo -ka-. Akaja, akakaa, akanitazama, nikanyamaza. Ni nzuri, ina mwendo, na ni ya kwetu. Hadithi zote za utotoni zilitembea juu ya -ka-. Lakini -ka- imezama ndani ya kitenzi na sikio halifiki tena juu yake. I ya Natàlia inasikika, inagonga. Ukiigeuza yote kuwa -ka- unapata hadithi inayoteleza, wakati mwenyewe alikuwa anajikwaa.

Upande mwingine, "na" yetu ni nzito kuliko i. Kikatalani kina amb kwa "pamoja na", na i inabaki na kuunganisha tu. "Na" yetu inafanya yote: Natàlia na watoto, Natàlia ana watoto, Natàlia ameitwa na Quimet. Inaunganisha, inamiliki, na inamtaja mtenda. Katika "ameitwa Colometa na Quimet", "na" ndiyo inayoonyesha mkono wa aliyempa jina. Kwa hiyo mfululizo wa "na" katika Kiswahili una kivuli ambacho Kikatalani hakina: mwanamke aliyefungwa kwa "na" kila upande, na watu, na vitu, na jina alilopewa na mtu.

Tukumbuke pia kwamba "lakini", "au", "wala", "bali" na hata "sababu" tumezipata kutoka Kiarabu, ilhali "na" ni ya Kibantu. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Neno likishatua linakuwa la mwenye nyumba. Nasema tu kwamba mtu wa kwetu anaweza kusimulia maisha yake mazima kwa "na" na "-ka-" bila kupungukiwa kitu.

Kwa nini nilikasirika

Bibi yangu mzaa baba aliwahi kuitwa mbele ya baraza moja kuhusu mpaka wa shamba. Nilikuwa mdogo, nilimsindikiza nikimbebea mwavuli. Wakamwuliza kwa nini alilihama shamba. Akaanza: mume wangu akafariki na mvua ikaja na ukuta ukaanguka na shemeji akaniambia nikae kwake kwanza na nikaenda na niliporudi nikakuta mihogo ya mtu. Mmoja wao akamkatiza: "Mama, jibu swali. Kwa sababu gani ulihama?" Bibi akashangaa, maana alikuwa amekwisha kujibu. Akarudia, mume wangu akafariki na mvua ikaja. Watu wakacheka kidogo.

Miaka ilipita, nikaiona nakala ya kumbukumbu za siku ile. Maneno yote ya bibi yamekuwa sentensi moja: "Alihama kwa hiari yake." Shamba lilikwenda.

Ndugu msomaji, sisemi baraza lilikuwa na njama. Nasema aliyeandika alitafuta "kwa sababu", hakuiona, akaandika kwamba haikuwapo. Na wino mwekundu kwenye tafsiri yangu ulikuwa unaniambia nimfanyie Natàlia kitu kilekile. "Panga mawazo kwa sababu na matokeo." Nani apange? Mimi? Nikimpangia, nitakuwa nimesema kwa niaba yake jambo ambalo yeye, kwa miaka yote ile, hakuwa na pa kulisemea.

Hoja ya upande wa pili

Rafiki yangu mmoja wa isimu alinibana tulipojadili. Alisema: "Wewe unasoma huzuni ndani ya herufi. Mbona maandiko ya kale yote yamejaa 'na'? Yote yameandikwa na wanawake walioonewa?" Ana haki. Ramon Llull wa Majorca, aliyeandika kwa Kikatalani katika karne ya 13, anaunganisha sentensi kwa e, umbo la zamani la i, na hakuwa Colometa. Alikuwa mtu wa kubishana na dunia nzima. Kwa hiyo mrundikano wa "na" peke yake hauna maana maalumu. Hakuna kiunganishi kilichozaliwa kinyonge.

Maana inatoka kwenye pengo kati ya kilichotumika na kilichotarajiwa. Llull anapohubiri, sababu zake ziko wazi, e inazibeba tu. Natàlia anapoeleza mayai na asidi, tunaisubiri sababu na haiji. Hilo haliwezi kuonekana kwa kuhesabu i kwa penseli kama nilivyoanza mimi. Linahitaji kuuliza kila mara: hapa pangekaa nini kingine? Nakiri kwamba bila rafiki huyu ningeandika makala mepesi zaidi.

Pia asije mtu akaniambia kwamba Natàlia ni mjinga asiyejua kufikiri. Mwishoni, baada ya harusi ya binti yake Rita, anatoka usiku na kisu, anakwenda hadi nyumba ya zamani, anachonga jina Colometa mlangoni. Kisha anaingia uwanja wa Diamant na kupiga ukelele. Ukelele hauna kiunganishi. Haufuatani na kitu, haupingi kitu, hautoi sababu. Yote ambayo i ilikuwa ikiyashikilia pamoja kwa miaka inatoka kwa mkupuo mmoja. Ndipo anarudi nyumbani kwa mume wake wa pili, yule muuza nafaka, na kitabu kinaishia kwa ndege na maji ya mvua. Ukizifuta zile i zote ukapanga sababu na matokeo, ukelele huo hauna kazi tena, kwa kuwa ungekuwa umekwisha kuelezwa ukurasa wa kumi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika riwaya hii kiunganishi hakiko upande wa fani wala upande wa maudhui. Kiko kwenye ule mstari tunaouchora katikati, na kinaufuta. Mwanafunzi wa fasihi anayedharau sarufi anajinyima ushahidi. Na mwanafunzi wa isimu anayeorodhesha viunganishi bila kuuliza nani anavisema, kwa nani, naye amebakiza nusu ya kazi.

Tafsiri yangu nimeiandika upya. Penye mfuatano mtupu nimetumia -ka-, kwa sababu ndiyo Kiswahili. Penye upinzani uliofichwa na sababu iliyomezwa nimeiacha "na" igonge, hata kama sentensi inachechemea. Zimebaki kumi na tisa katika kurasa nne. Nitairudisha wiki ijayo, na nikipata alama ileile nitaipokea.

Kuna kazi moja sijaithubutu. Bibi yu hai. Nataka nimwombe anisimulie tena habari za shamba, niandike kila "na" yake ilipo, nisiguse kitu. Sijui kama baraza lolote litakubali kuisoma karatasi ya namna hiyo. Anayeona kwamba nimekosea na aandike toleo lijalo. Kurasa hizi ni zetu sote.